Dopla ya kusikiliza moyo wa mtoto leba: chama chetu kina sh. 18,000, tununue ipi?

MamaKifunguaMimba

Assalam aleikum. Naandika kutoka kisiwa cha Pate. Kijiji sikitaji, maana nesi wetu ni mmoja tu na mkishajua kijiji mshamjua yeye.

Chama chetu tuko akina mama 22. Kila Ijumaa baada ya Alasiri kila mtu hutoa sh. 100, na mzunguko huu tulikubaliana pesa zisiende kwa mtu, ziende zahanati. Wiki nane, pamoja na sh. 400 za faini za wachelewaji, tumefikisha 18,000. Twataka kununua kile kidude cha mkononi cha kusikiliza moyo wa mtoto wakati mama ana uchungu, kile chenye kichwa kama kipaza sauti na waya wa kujikunja kama wa simu za mezani za zamani. Manesi wanakiita dopla.

Sababu ni mimi. Mwaka jana, kusi imekaza, nilikuwa leba na kifungua mimba wangu. Nesi alikuwa na ile pembe ya kusikilizia, kama siwa, lile baragumu letu, lakini ndogo ya mtoto. Akaiweka tumboni, akainama, sikio likalala juu yake. Nje punda wa jirani akaanza kulia, na mnajua punda akianza hana haraka ya kumaliza. Mabati nayo yanapigwa na upepo. Nesi akanyamazisha kila mtu chumbani, punda akabaki. Akasikiliza tena, akahesabu, akaandika. Aliporudi mara nyingine nikamwona uso umebadilika. Moyo wa mtoto ulikuwa 90 na kitu.

Sasa hapo maji yalikuwa yamekupwa, tena bamvua, siku maji yanapokupwa sana, Mkanda, ule mlango wa bahari wa kwendea Lamu, haupitiki, na kuzunguka nje ya Manda na kusi ile hakuna nahodha aliyekubali. Tukakaa ndani ya boti ya shemeji yangu tukingoja. Mimi nimelazwa ubavu kwenye godoro, shemeji anatazama mizizi ya mikoko kama maji yameanza kupanda. Tulipoondoka mashine ikanguruma, na pembe ikawa haina kazi tena. Saa nzima na zaidi hakuna aliyejua mwanangu yu hai au hayuko. Lamu nilifikia kwenye kisu cha upasuaji. Mtoto alichelewa kulia, lakini alilia. Sasa anatambaa na anakula mchanga kuliko uji.

Nataka kujua: nesi angekuwa na dopla, angejua mapema? Mama mkwe ananiambia nisifukue yaliyopita, lakini mimi usiku ndiyo kazi yangu. Na mkiniambia ndiyo, ninunue ya namna gani? Umeme wetu ni wa sola na siku za mawingu unazimika. Jeli ikiisha hutumia nini? Na wenzangu wawili kwenye chama wana mimba, wanauliza kama siku zisizo za leba wanaweza kukiazima wakasikilize nyumbani.

FundiWaLangoni

Mimi si daktari. Natengeneza redio na simu hapa Langoni, mjini Lamu, na dopla zimeshapita mezani kwangu tatu. Zote tatu ugonjwa ulikuwa mmoja: waya umekatika ndani, pale unapoingia kwenye kichwa. Watu hukining'iniza kichwa kwa waya wake kama ndoo ya kisimani. Kwa hivyo ukienda dukani kitu cha kwanza uliza kama waya na kichwa huchomoka na kubadilishwa. Kama umeshikamana na mwili moja kwa moja, siku ukikatika utakuwa umenunua kikokotoo.

Betri: chukueni ya betri za kawaida, AA, zile za tochi. Msidanganywe na yenye betri yake ya ndani ya kuchaji. Inapendeza mwaka wa kwanza, ikichoka utaitafuta mpaka Mombasa na hutaipata. Nunueni betri za AA za kuchajiwa seti mbili na chaja yake, seti moja kazini, moja kwenye sola. Mawingu yakija siku tatu, duka lolote kijijini lina betri za kawaida.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Hewa yetu hii inakula shaba ukiitazama. Tafuteni kopo la plastiki la kufunga kwa kubana, na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya msivitupe, vitieni humo. Na mkijua kifaa kitakaa wiki bila kazi, toeni betri. Betri iliyovuja nimeitoa kwa bisibisi na nyundo.

Iko pia ya kuzungusha kwa mkono, ilibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya mahali pasipo umeme, kama zile redio za kuzungusha. Sijapata kuifungua, kwa hivyo sifa zake sizisemi.

Mja_wa_Malindi

Hao wenzako wawili waambie wasiazime. Mimi nilinunua ya bei rahisi mtandaoni, mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane. Usiku mmoja akaniambia mtoto hajacheza tangu adhuhuri. Nikajitia udaktari: nikapaka jeli, nikatafuta, nikasikia tu-tu-tu safi kabisa, kioo kikaandika 118. Nikasoma kwenye karatasi yake, kawaida ni 110 mpaka 160. Nikamwambia lala, mtoto mzima.

Asubuhi bado kimya, tukaenda hospitali, na mimi kidude nimekibeba mfukoni kuwaonyesha. Nesi akaniambia nikiweke vilevile nilivyokiweka usiku. Nikaweka. Yeye akamshika mke wangu kifundo cha mkono, akahesabu kimya huku anatazama kioo changu, kisha akasema, "Baba, huu ni moyo wa mkeo."

Mke wangu alikuwa na malaria, moyo wake mwenyewe ndio uliokuwa ukikimbia 118. Mtoto walimpata kwa mashine yao, alikuwa amechoka, wakamtoa siku ileile. Yuko salama, anaanza shule mwakani. Lakini saa zile kumi za usiku nilizompa mke wangu alale, mimi mpaka yeo sizitaji mbele yake.

MkungaMstaafu

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimezalisha visiwani miaka 27, nyingi kati ya hizo na pembe tu. Nitakujibu, lakini si kwa mpangilio wako.

Huyu kijana wa Malindi amesema jambo ambalo hata manesi huteleza nalo, basi nianze hapo. Dopla haijui ni moyo wa nani. Inapeleka sauti kali sana isiyosikika na sikio, sauti ikagonga kitu kinachocheza, ikirudi imebadilika kidogo, na yale mabadiliko ndiyo kifaa kinayageuza kuwa tu-tu-tu. Chochote kinachocheza humo ndani kitakujibu. Mama mwenye homa, au aliye kwenye uchungu mkali, moyo wake hufika 110, 120 bila taabu. Ndiyo maana mkono mmoja unashika kichwa cha dopla na mkono wa pili uko kwenye kifundo cha mama. Mapigo yakienda sawasawa, unamsikiliza mama, hamisha kichwa. Kuna sauti nyengine ya damu kwenye kondo la nyuma, shuu, shuu, kama upepo kwenye tanga, nayo pia huenda na mapigo ya mama. Ya mtoto ni kavu na ya haraka, kama kwato za punda asiye na mzigo kichochoroni. Ukishaisikia mara mia hutaikosa, lakini mara kumi za mwanzo utaikosa.

Kwa hiyo ya nyumbani, hapana. Wamarekani wenyewe, idara yao ya dawa na vifaa vya tiba, FDA, walionya watu mwaka 2014 wasijinunulie kujisikilizia. Mama mwenye mimba ana kipimo chake, nacho ni mtoto kucheza. Mtoto akipunguza kucheza usitafute sauti, tafuta boti.

Sasa leba, ambako ndiko penyewe. Watu hudhani kazi ni kupata sauti. Kazi ni kuipata kwa wakati wake. Nyinyi mwawajua vijana wa Kizingitini wanaozamia kamba. Uchungu ukikaza, damu inayopita kwenye kondo hupungua, na mtoto ni kama yule mzamia: kashuka chini, kabana pumzi. Uchungu ukiachia amepanda juu. Mtoto mwenye nguvu akipanda, moyo uko sawa papo hapo. Aliyechoka moyo wake hushuka na hukawia kurudi, na kule kukawia ndiko tunakokutafuta. Kuko katika ile nusu dakika baada ya uchungu kuachia. Ukisikiliza mama alipotulia tu, anakunywa chai, utapata 140, utaandika 140, na hujasikiliza kitu.

Kwa hivyo unaanza kusikiliza uchungu ukiwa umekaza, unaendelea mpaka nusu dakika angalau baada ya kuachia, na jumla isipungue dakika moja nzima. Mlango wa uzazi ukishafunguka sentimita 5, kila dakika 15 mpaka 30. Akianza kusukuma, kila dakika 5. Huo ndio utaratibu wa Shirika la Afya Duniani tangu 2018. Nesi mmoja, akina mama wawili wanasukuma, na simu inalia: hesabu mwenyewe mara ngapi atasikiliza.

Na shirika hilohilo linasema pembe au dopla, yoyote kati ya hizo inafaa. Usiidharau pembe. Ina jina la daktari wa Ufaransa, Pinard, aliyeitoa 1895, na haitaki betri. Kwa jambo moja pembe inaishinda hata dopla: inasikia moyo wenyewe wa mtoto, si rahisi kukuletea wa mama ukadhani ni wake. Ubaya wake ni kwamba ina sikio moja. Nesi peke yake ndiye anayesikia, ameinama, mgongo unamuuma, na uchungu ukikaza mama hataki kuguswa. Dopla unaiweka mama akiwa ubavuni, amechuchumaa, amesimama ameshika dirisha. Na inasikika chumba kizima. Nimeona mama mkwe mbishi akinyamaza baada ya kusikia moyo wa mjukuu unavyoshuka kwa masikio yake mwenyewe. Kabla ya hapo tulikuwa tukibishana kuhusu boti.

Lile linalokukosesha usingizi sasa. Kampala walilinganisha pembe na dopla ya kuzungusha kwa akina mama karibu 2000, matokeo yakatoka 2015. Dopla iligundua mapigo ya mtoto yaliyoharibika kama mara moja na nusu ya pembe, na zaidi kidogo. Lakini watoto waliopotea, tofauti haikuonekana. Nilipoyasoma mara ya kwanza yaliniudhi, kisha nikaelewa, maana nimefanya kazi Pate. Kujua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nani anapokea simu, chumba cha upasuaji kiko tayari, na maji ya Mkanda. Basi jibu langu: huenda nesi angejua mapema kidogo. Ungelifika mapema? Hilo muulize mwezi na bamvua yake.

Ndani ya boti ndiko dopla ingekufaa zaidi, na ni wewe umenifundisha hilo, sikuwahi kulifikiria hivyo. Lakini mashine ikinguruma kifaa kitasikia mashine. Nesi amwambie nahodha azime dakika moja kila baada ya muda, nesi avae vidude vya masikioni, asikilize, kisha nahodha awashe. Kwa hivyo mnayonunua iwe na tundu la vidude vya masikioni na kioo chenye taa, kwa ajili ya usiku.

Kichwa cha megahezi 2 kinafaa mimba kubwa. Cha 3 kinasifiwa kwa mimba changa, nanyi mwataka leba. Jeli ikiisha tumia maji safi, utakuwa ukiyapaka kila mara lakini yanafanya kazi. Mafuta ya kupikia na yale ya kujipaka ya kopo msithubutu, yanaharibu uso wa kichwa. Ukimaliza futa kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni, usikichovye.

Mtasikia sifa za moja iitwayo Moyo, ya Laerdal wa Norwei, imejaribiwa sana kwa majirani zetu Tanzania. Jina wametuibia sisi. Mama hufungwa mkanda tumboni ikasikiliza mfululizo, na akigusa kwa vidole inampima na yeye, kwa hivyo lile kosa la Malindi linapungua. Nzuri. Ulizeni bei, lakini nadhani si ya elfu 18, na ya kawaida yenye nesi anayejua wakati wa kusikiliza itawatosha.

Mwisho ni jambo la aibu. Niliwahi kufanya kazi mahali penye dopla mpya kabisa. Ilikuwa kabatini ili isipotee. Ufunguo kwa mkubwa, na mkubwa mkutanoni Mokowe. Tuliendelea na pembe miezi mitano, dopla iko hatua sita kutoka kitandani. Kwa hivyo mkitoa, toeni mbele ya kamati ya zahanati, iandikwe kwenye daftari la vifaa, na muandike kwenye barua yenu kuwa itakaa leba, msumarini, usiku na mchana.

Msema_Kweli

Bibi zetu walizaa kumi na mbili bila kidude na bila nesi. Siku hizi kila kitu mashine.

MkungaMstaafu

Walizaa kumi na mbili, wakalea wangapi? Nenda makaburini kwenu, uhesabu vile vifupi.

Nahodha_wa_Mkanda

Kuhusu kuzima mashine: kwa Mkanda azime kukiwa na kina, asizime penye mchanga, mkondo utamlaza. Na nesi apige simu kabla ya boti kuondoka, sio tukifika gati. Mara mbili nimebeba mgonjwa tukafika, tukakaa gatini tukitafuta mkokoteni.

MamaKifunguaMimba

Nimechelewa kurudi. Nilichukua simu nikaenda kwa nesi, nikamsomea yote haya kuanzia juu. Niliogopa atadhani namlaumu.

Hakusema kitu. Akatoa daftari la mwaka jana, akatafuta usiku wangu, akanionyesha: 138, 140, 136, kisha 92. Nikamuuliza hizo tatu za mwanzo alisikiliza saa ngapi, uchungu ukiwa umekaza au umeachia. Akanitazama. Akasema, "Umekaza nani angenikubalia? Ulikuwa wanipiga mkono."

Wallahi nilikuwa nimesahau. Alipoisema tu nikaikumbuka ile pembe ilivyoanguka sakafuni na yule punda na mimi nikimwambia aniondokee. Kila uchungu ukija nilimsukuma, kwa hivyo alisubiri nitulie. Tulicheka, yeye zaidi yangu. Usiku ule nililala.

Amesema dopla anaitaka, na anaitaka kwa sababu hiyo ya mama kukaa anavyotaka. Alifundishwa kuitumia chuoni lakini miaka imepita, ameomba kwenda siku mbili leba ya Lamu kujikumbusha. Wenzangu wawili nimewasomea habari ya Malindi, mmoja ameelewa, mwengine bado ananinunia.

Ila ametuomba kitu chengine ambacho hakuna aliyekitaja hapa. Saa ya ukutani ya leba imesimama tangu Ramadhani. Anahesabu dakika kwa simu yake, mkono mmoja pembe, mkono mmoja kifundo cha mama, simu ameibana kwenye meno ili aone sekunde. Anauliza kama pesa zikibaki tunaweza kumnunulia saa, iwe na mshale wa sekunde, tena mwekundu.

FundiWaLangoni

Saa natoa mimi, ninayo hapa imeachwa na mtu miaka miwili na inafanya kazi. Mshale ni mweusi, nitaupaka rangi ya kucha ya mke wangu. Dopla msilipe kabla sijaufungua waya nikautazama. Mwaja lini?

MamaKifunguaMimba

Jumanne, maji yakijaa.